Mrejesho wa Siku ya Ishirini na Mbili

3 Machi

Kwako Mzee Kiini,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: Mfugaji Mkubwa ni mimi, na sina kuku hata mmoja. Nina miaka kumi na sita. Sasa ndiyo shikamoo. Ilistahili itangulie, lakini nilijua nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. U mzima? Watu wa nyumbani kwako hawajambo? Sisi hapa tuko wawili, mimi na mama, na sote tuna afya.

Anwani yako nimeitoa chini ya majibu yako ya zamani kwenye lile jukwaa la wafugaji mtandaoni, pale ulipokuwa ukiandika, "Anayetaka jedwali la joto na unyevu anitumie bahasha, nitamjibu kwa posta." Nilifurahi kuona sanduku la posta. Barua naiweza. Kuongea ndiyo siwezi. Darasani mwalimu akinitaja, sauti yangu hutoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo.

Huenda umenisahau, kwa hiyo nakukumbusha. Mwaka jana, mwezi wa nane, niliandika kule: "Wakuu, mashine yangu ya kutotolea imezimika masaa tisa, mayai yako siku ya kumi na mbili. Nina mradi wa kuku elfu mbili. Nifanyeje?" Hao elfu mbili niliwatoa hewani. Niliona mwenye kuku elfu mbili ndiye anayejibiwa haraka. Ukweli ni kwamba mashine ni ya mama. Watu wa mtaani humletea mayai yao, yeye huyatotolesha, na ndiyo maana wanamwita Mama Vifaranga. Siku zile alikuwa hospitali akimuuguza mama mkubwa, akaniachia mashine kwa siku mbili. "Kazi yako ni kuyageuza mayai asubuhi, ukirudi shule, na kabla ya kulala. Basi. Usilete ubunifu."

Sikuleta ubunifu. Nilichomoa mashine nichomeke pasi, maana chumba kile kina soketi moja, na sketi yangu ya shule ilikuwa imejikunja kama iliyotafunwa. Nikapiga pasi, nikavaa, nikaondoka. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niliporudi saa tisa na nusu alasiri, taa ndogo ya mashine ilikuwa imezimika na mayai yamepoa kama vikombe kabatini.

Wa kwanza kunijibu jukwaani alikuwa Gwiji. "Masaa tisa? Hizo ni maiti. Tupa, osha mashine, anza upya." Watu wakamgongea alama za kupenda mpaka nikaenda kuchukua ndoo. Ndoo ilikuwa mkononi, Mzee, na mayai matatu tayari yalikuwa ndani yake, ndipo jibu lako likaingia: "Usitupe. Chomeka. Rudisha joto lile lile la kila siku, usilipandishe ili kufidia. Kisha kaa mbali nayo. Baada ya siku nne yamulike kwa tochi, uje utuambie." Nikayarudisha yale matatu. Nikakuuliza maswali kumi na moja, ukayajibu yote kumi na moja, hata lile la kijinga la kama mayai husikia baridi. Ulisema, "Husikia, lakini hayana kinyongo."

Siku nne baadaye niliyamulika. Mishipa ilikuwepo. Kitu kikapiga teke. Na mwisho vifaranga wakatoka.

Sikuja kuwaambia.

Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha tu. Ya pili niliogopa mtu atasema, mkuu, huo mradi wako uko wapi, tuje tujifunze. Ya tatu nilikuwa nimechelewa, na aliyechelewa inabidi kwanza aeleze kwa nini amechelewa. Sentensi ilikuwa fupi vile vile, lakini kila wiki ilizidi kuwa nzito. Nikaacha kufungua jukwaa kabisa.

Nimelifungua wiki iliyopita. Chini ya mada yangu watu kumi na wanne wameandika "mrejesho, mkuu," "tunasubiri mrejesho," "mwenye mada uko wapi?" Halafu Gwiji: "Mwenye mada kakimbia. Mayai yamemwozea, anaona haya kuja kusema. Hayo ndiyo matokeo ya ushauri wa Kiini, fundi wa kukisia." Wakacheka. Ukaandika, "Nimesema ninalolijua. Kwaherini." Na jina lako likageuka kijivu, kama la watu waliofunga akaunti.

Mwishoni kabisa kuna mwalimu mstaafu. Umeme ulimkatikia masaa manane, akaikuta mada yangu, akaona jibu la Gwiji lina alama nyingi na lako halina aliyelithibitisha. Akatupa mayai sitini shimoni. Moja likapasuka, na kifaranga ndani yake bado kilikuwa kinatikisika. Ameniandikia mimi: "Mfugaji Mkubwa, ya kwako yaliishaje?" Swali hilo limekaa pale miezi mitatu.

Naomba unisamehe. Naona aibu kukuomba ushauri tena, lakini sina mwingine: nifanyeje? Ukipenda kunijibu, tumia sanduku la shule, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Kijana wako,
aliyekuwa Mfugaji Mkubwa


19 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo hunisengenya kila nikipanda ngazi. Msalimie mama yako hata kama hajui nani anamsalimu.

Tuanze na la kwanza. Mimi si Mzee Kiini. Mimi ni bibi. Nina wajukuu sita wa damu, na naona wa saba kaletwa na posta. Kule jukwaani walianza wenyewe kuniita mkuu, mara mzee, nikaona kuwasahihisha ni kazi. Baadaye nikagundua mzee hajibiwi ovyo, nikanyamaza kwa makusudi. Kwa hiyo usijione mwongo peke yako. Wewe ulijipa kuku elfu mbili, mimi nilijipa ndevu.

Nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kituo cha kutotolea vifaranga, chumba cha mashine. Nilianza kwa kufagia maganda nikamaliza nikiwa na funguo. Umeme ulipokatika hatukuwa na Gwiji wa kumuuliza. Tulikuwa na daftari. Kila kukatika kuliandikwa: siku ya ngapi, masaa mangapi, joto lilishuka mpaka wapi, wametoka wangapi. Nilichokuambia sikukikisia, nilikisoma humo, kwa mwandiko wa watu ambao wengine walishakufa. Hawakuandika ili tuwashukuru. Waliandika ili atakayekuwa zamu siku hiyo asitupe mayai mazima.

Hiyo ndiyo adabu yenyewe, mjukuu. Ukiuliza mbele za watu, swali si lako peke yako tena. Nyuma yako kuna foleni ya watu usiowaona. Ukiondoka na jibu bila kusema limeishia wapi, umeondoka na ufunguo mfukoni, na wao wamesimama mlangoni. Yule mwalimu alikuwa kwenye foleni.

Unataka kujua kama niliumia. Siku tatu nilijiambia sikuumia. Ya nne nikamgombeza babu yako kwa sababu ya kijiko. Basi jua.

Nimekusamehe, na hilo tuliweke kando lisituchukulie karatasi. Sasa nataka mrejesho, na mrejesho si asante. Asante ni yangu mimi, foleni haina la kuifanyia. Niambie mayai yalikuwa mangapi siku ile. Niambie ulipofungua mashine kipimajoto kilisoma ngapi. Ulipoyamulika, yaliyokufa yalikuwa mangapi? Walitoka vifaranga wangapi? Na la tano, hili nakuuliza kama mtu wa chumba cha mashine: mayai yaliyopoa masaa tisa hayatoki siku ya ishirini na moja. Huchelewa. Mama yako ni mtu wa kuhesabu siku. Alisema nini?

Bibi yako


2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na babu amesamehewa kile kijiko? Sisi tuko salama.

Barua yako niliisomea nje ya ofisi ya karani wa shule, nimesimama. Nilipofika kwenye ndevu nilicheka kwa sauti, na karani akachungulia kama aliyesikia kabati likiongea. Ananipa barua na risiti mwaka wa tatu sasa na hajawahi kunisikia.

Haya, mrejesho. Tulianza na mayai tisini na sita. Mama aliyamulika siku ya saba akatoa tisa yasiyo na mbegu, kwa hiyo siku ile ya pasi yalikuwepo themanini na saba. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita. Siku ya kumi na sita niliyamulika mimi, mama akiwa sokoni, nikatoa matano yaliyokufa, yenye duara la damu. Walitoka vifaranga sabini na tisa. Watatu walitoboa ganda kidogo wakaishia hapo.

Nimeandika rasimu saba za kuweka jukwaani. Ya kwanza niliiandika kwa lugha ya pili, ile tunayofundishiwa shuleni, na ikawa nzuri mno. Mwalimu angeipa alama zote. Ndiyo maana nikaichana. Kwa lugha ile naweza kusema samahani mara kumi bila kitu kutikisika ndani, ni kama kupiga chafya. Kwa hii ya nyumbani neno hilo hilo nililifuta mara tatu kabla ya kuliacha. Nikajua ndiyo inayofaa.

Nakuletea ya saba uisome. Niseme mimi ni nani, au niendelee kuwa mtu mzima? Naogopa wakijua umri wangu wataona hata namba nimezitunga. Na wewe je, niwaambie ndevu hazipo?

Mjukuu wako wa posta


14 Aprili

Mjukuu,

Marahaba. Magoti yapo. Babu kasamehewa, kijiko bado.

Rasimu nimeisoma mara mbili. Mimi umenisifu mistari tisa, mayai umeyapa miwili. Geuza. Hilo "mkombozi wangu" lifute, sijakomboa mtu, nilikuambia uchomeke waya. Gwiji usimtaje, atajisoma mwenyewe. Kuchelewa kwako kuombee radhi mara moja kisha uendelee, maana anayeomba radhi aya nzima anataka abembelezwe. Umri wako useme, na usikae juu yake. Mtu akijua aliyefanikiwa ni mwanafunzi mwenye soketi moja, atajua na yeye anaweza. Habari za ndevu niachie mwenyewe.

Ila usiiweke bado. Nilikuuliza matano, umenijibu manne. Kituoni kwetu fomu yenye pengo ilirudi kwa aliyeijaza.

Bibi yako


8 Juni

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na nyumba nzima haijambo. Najua ni karibu miezi miwili. Huu ndio ugonjwa wangu, na wewe ndiye unayeujua.

Kwanza kosa jipya: niliiweka. Siku tatu tu baada ya barua yako kufika. Nilijiambia nikimaliza la jukwaani, la tano litajimaliza lenyewe. Niliandika kama ulivyosema, namba mbele, radhi mara moja, umri mara moja. Nikabonyeza, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Niliporudi Gwiji alikuwa ameshafika. "Kumbe miezi yote tunabishana kwa ajili ya mtoto wa shule." Mtu akamjibu, "Mtoto wa shule ana vifaranga sabini na tisa. Wewe leo una wangapi?" Halafu wengine wakaanza kuleta ya kwao. Mmoja alipoteza umeme masaa sita siku ya tisa, mwingine masaa kumi siku ya kumi na saba, na kote kuna waliotoka. Kumbe walikuwa nazo habari hizi, Bibi. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine aanze. Wanauliza Kiini yuko wapi. Mwalimu mstaafu ameandika mstari mmoja: "Asante, binti. Mimi niliyatupa. Mwezi ujao nitaijaza tena mashine." Nimeusoma sana mstari ule. Natafuta lawama ndani yake, siioni, na afadhali ningeiona.

Sasa la tano.

Siku ya ishirini na moja mama aliamka alfajiri akaketi mbele ya kioo cha mashine, kama afanyavyo siku zote za kutotoa. Hakuna yai lililotoboka. Mchana, hakuna. Wenye mayai wakaja na maboksi yao yenye matundu, akawaambia rudini kesho. Akaishusha kalenda ukutani akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena, kwa sauti. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, naona kidole kinavyopita kwenye siku ya kumi na mbili bila kusimama. Akasema, "Nimekosea siku. Mimi." Akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na mtu ndani. Kesho yake wakatoka, mtaa mzima ukafurahi, na mimi nikajua yameisha.

Hayakuisha. Tangu siku ile haiamini akili yake. Kalenda sasa anaiandika kwa kalamu tatu za rangi. Huniita, "Hebu hesabu na wewe, mimi siku hizi sijielewi." Mama yake mzazi alianza kwa kuchanganya siku, akiwa na umri kama wake, akaishia kututazama kama wageni waliokosea nyumba. Mama ndiye aliyekuwa akimlisha. Kwa hiyo anajua anachokiogopa. Mwezi wa pili alinipa simu akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza dawa ya aibu, "Nitafutie huko, mtu akichanganya siku mara moja tu, ndiyo inaanza hivyo?" Nilichukua simu nikashindwa kuandika swali lake. Ndipo nikafungua jukwaa. Nilikuacha uamini nilirudi kwa ajili yako. Ni kweli, lakini ni nusu.

Wiki iliyopita jirani alileta mayai thelathini, mama akamrudisha nayo. "Mpelekee mwingine, nisije nikakuharibia." Mashine ameifunika shuka. Amemwambia mama mkubwa aje aichukue, na mama mkubwa atakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane.

Utauliza kwa nini sisemi. Hanipigi, hafoki. Nikivunja kitu huokota vipande akasema, "Basi, kimeshavunjika," na kweli huwa basi. Ninachoogopa ni pale atakapoanza kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi, akijikumbuka anavyohesabu vidole na mimi nimekaa hapo hapo namwangalia. Watu zaidi ya elfu moja wamesoma kosa langu kule. Ninayemwogopa ni mmoja.

Mjukuu wako


20 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imeingia leo, na leo hii nakujibu. Babu nimemtuma posta na shati la nyumbani, kaenda akinung'unika.

La kwanza, habari njema fupi. Nimerudi jukwaani. Nimewaandikia kwamba Kiini ni bibi wa miaka sitini na tisa na kwamba mzee mnayemtafuta hajawahi kuzaliwa. Kisha Gwiji akaandika, "Shikamoo." Neno moja, peke yake kwenye mstari. Nikamwitikia. Jioni akaniuliza swali kuhusu unyevu, la maana kabisa, nikamjibu, nikamwambia alete mrejesho.

La pili, kuweka kabla ya wakati. Sikukasirika. Umewafaa watu, na umenifaa mimi, nilipita mbele ya kioo nikajiona mrefu. Lakini uliwapa mrejesho wasiokujua ili upate nafuu ya kutompa anayekujua. Usijione wa ajabu. Mimi mwenyewe nilijibu maswali ya wageni miaka mitano kule jukwaani, na dada yangu aliniuliza swali moja tu maishani, kwa nini sikuja kumzika mume wake, na mpaka leo sijamjibu. Nikimaliza barua hii naanza ya kwake.

Sasa sikiliza. Mama yako ameuliza. Ameiuliza kalenda, amekuuliza wewe, amekutuma uuulize mtandao. Yeye ndiye mwenye mada, na duniani kote mwenye jibu ni wewe mmoja. Usimwache kwenye foleni.

Mwambie kama ulivyowaambia wale: siku, masaa, namba. Usianze na machozi. Ukianza na machozi atakubembeleza, na ukishabembelezwa hutamaliza. Yatapata nafasi yake baadaye. Sauti ikikataa, andika. Na rasimu moja inatosha, hizo saba ni za kuogopea.

Atakasirika? Huenda akakasirika siku kadhaa. Lakini hasira ya mtu aliyejua sasa hivi kwamba akili yake ni nzima ni hasira nzuri, mjukuu. Ngoja uione.

Na umpe neno langu, fundi kwa fundi. Mayai yaliyopoa masaa tisa siku ya kumi na mbili nimeyaona kwa macho yangu yakitoka siku ya ishirini na mbili, na si mara moja. Walichelewa vifaranga. Yeye alikuwa sawa.

Bibi yako


28 Juni, Jumamosi

Bibi,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Mpe babu pole ya shati, na natumaini barua ya dada yako imeshaondoka.

Yako ilifika Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo nilimfuata mama jikoni nikasema, "Mama, ile siku ya vifaranga." Akasema, "Ah, niache na siku hiyo, mwanangu. Nimeshaisahau mara moja, inatosha," akaucheka mzaha wake mwenyewe. Nikaishia kumenya viazi. Jana nilimfuata uani anaanika nguo. Nilimpa vibanio. Nilipanga kusema kwenye kibanio cha tatu, kisha cha sita, kisha nguo zikaisha. Akaniuliza, "Una nini wewe? Unanifuata kama una kesi." Nikasema sina.

Mama mkubwa anakuja saa nane mchana. Sasa ni saa tano asubuhi. Mama ameshaosha trei zote na kuziegemeza ukutani zikauke, na ameenda kwa jirani kuazima kamba ya kuifungia mashine. Mimi nimekaa chumba cha mashine, kwenye kiti chake, mbele ya kioo ambacho ndani yake hakuna kitu. Nilikuwa nimepanga kuandika barua mbili, yako kisha yake. Nimeona huko ni kujipa kazi ili saa nane ifike. Nisamehe Bibi, hii nimeianza ikiwa yako, na kuanzia mstari unaofuata ni ya mama. Wewe nitakuandikia nyingine.

Mama,

Mwaka jana ulipokuwa hospitali na mama mkubwa, mayai yakiwa siku ya kumi na mbili, nilichomoa mashine nipige pasi sketi. Nikasahau kuirudisha. Ilizimika saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, masaa tisa kamili. Niliikuta inasoma ishirini na sita. Ndani yalikuwemo themanini na saba. Matano yalikufa, nikayazika nyuma ya choo. Watatu hawakumaliza kutoboa. Sabini na tisa walitoka, na uliwaona.

Mayai yakipoa hivyo huchelewa siku moja. Sijasoma mahali tu, nimeambiwa na bibi aliyekaa chumba cha mashine miaka ishirini na sita. Anakusalimu, anasema wewe ulikuwa sawa.

Hukukosea siku. Ulihesabu vizuri mara ya kwanza, na ya pili, na zote ulizohesabu baadaye mimi nikiwa nimesimama nyuma yako. Nilijua kila mara. Aliyesahau ni mimi. Kilichompata bibi, mama yako mzazi, hakijakupata wewe, au kama kitakuja siku moja, hakikuanza siku ile.

Kamba usiifunge. Nipigie kelele kwanza, kisha tumwite yule jirani alete mayai yake thelathini.

Geti limelia. Hizo ni ndala zako, unapita uani, umesimama unamwambia mtu ng'ambo ya ukuta kwamba kamba ni fupi lakini itatosha. Sasa unakuja. Mkono wangu umejitandaza wenyewe juu ya maandishi haya, sikuutuma. Nauondoa. Naigeuza karatasi ielekee mlangoni, ili ukiingia uanze kusoma bila mimi kusema kitu.

Mwanao